Mshubiri: Jani Moja, Dawa Mbili



Ndugu wasomaji, mtu wa pwani akitaka kueleza uchungu uliopita uchungu wote, husema "chungu kama shubiri". Neno hilo limo vinywani mwetu tangu utotoni, lakini mmea wenyewe wengi wetu twaujua nusu nusu. Twaupita vichakani, kwenye miamba na kando ya mashamba. Twauona umepandwa katika mikebe na ndoo mbovu barazani. Kwa kuwa twauona kila siku, twadhani twaujua. Makala ya leo yana jambo moja la kusema: kwamba ndani ya jani moja la mshubiri mna dawa mbili zisizofanana hata kidogo, moja ya kupoza na moja ya kuharisha, na kwamba asiyezitenganisha huenda akamdhuru yule yule aliyekusudia kumponya.

Jina na asili

Neno shubiri limetoka katika Kiarabu, sabir, na herufi za mzizi wake ndizo zile zile za neno sabr, lililotupatia sisi subira. Kwa lugha yetu mmea ni mshubiri, na shubiri ni ule utomvu wake mchungu, hasa ukiwa umekaushwa ukawa mabonge meusi yanayouzwa katika maduka ya mitishamba. Wako wanaotamka subili. Ni kitu kimoja.

Shubiri iliyosifika zaidi zama za kale ilitoka kisiwa cha Sokotra, karibu na mlango wa Ghuba ya Aden, ikabebwa na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi kwa karne nyingi. Ama ule mshubiri wa mikebeni, ambao wataalamu huuita Aloe vera, asili yake ni Bara Arabu, na katika milima ya Hajar huko Oman ungali ukiota mwitu.

Katika Sahihi ya Imam Muslim imepokewa kwa Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alielekeza kuwa mtu aliyehirimia, macho yakimuuma, ayafunge kwa shubiri. Basi dawa hii si ngeni kwa waja wa kale. Hata hivyo, dawa kutajwa si ruhusa ya kila mtu kuitumia kwa kukisia. Asitokee mtu leo akakamua jani bichi jichoni. Jicho linalouma ni la kupelekwa kwa mjuzi wa macho. Na tukumbuke mafundisho mengine, yaliyomo katika Sunan ya Abu Daud, kwamba anayejitia utabibu naye hajulikani kwa utabibu, huwa ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Mafundisho hayo yanamhusu kila mmoja wetu anayemwambia jirani, "Wewe kunywa tu, ni majani, hayana neno."

Kuujua kwa alama zake

Mishubiri ni jamii kubwa. Ulimwenguni zimehesabiwa aina zaidi ya 500, na Kenya peke yake ina aina zipatazo 60. Baadhi yake zimepewa majina ya miji yetu wenyewe: iko Aloe kilifiensis, kwa jina la Kilifi, na iko Aloe rabaiensis, kwa jina la Rabai. Kwa hivyo mtu akikwambia "nenda kachume mshubiri", hajakwambia bado ni mshubiri upi.

Alama za jamii nzima ni hizi. Majani ni manene, yamejaa maji, yamepangika kwa duara kutoka shina moja kama petali za waridi. Kingo za jani zina meno madogo makali. Ukilikata, kwanza hutiririka utomvu wa manjano kutoka chini ya ganda, na katikati huonekana ute mweupe unaopenyeza mwanga. Maua huchomoza juu ya kijiti kirefu, nayo ni kama vibomba vidogo vinavyoinama, vyekundu, vya rangi ya chungwa au vya manjano. Na mmea haufi baada ya kutoa maua. Hutoa tena msimu mwingine.

Mshubiri wa nyumbani, Aloe vera, hutambulikana kwa majani yake ya kijani kilichopauka kama kilichopakwa jivu, kwa maua yake ya manjano, na kwa tabia yake ya kuzaa machipukizi mengi chini ya mama yao. Mishubiri mingi ya mwitu ya kwetu huwa na maua mekundu au ya rangi ya chungwa, na baadhi yake majani yana madoa meupe hata mmea ukiwa mkubwa.

Mimea ya kuchanganyiwa nayo ni mitatu, na kila mmoja una hatari yake.

Wa kwanza ni mkonge, unaojaa katika mashamba ya Vipingo na Mwatate na kuhamia vichakani. Kwa mbali wafanana na mshubiri mkubwa. Lakini jani la mkonge ni gumu, limejaa nyuzi za katani badala ya ute, na ncha yake ni mwiba mgumu unaochoma kama sindano. Mkonge hutoa maua mara moja tu maishani mwake, juu ya mlingoti mrefu, kisha hufa. Maji yake huwasha ngozi. Si ya kupaka wala ya kunywa.

Wa pili ni mimea ya jamii ya mnyaa. Hiyo ukiikata hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Kanuni ni nyepesi na kila mtoto aijue: maziwa yakitoka, si mshubiri. Utomvu huo huunguza ngozi, na ukiingia jichoni waweza kulidhuru vibaya.

Wa tatu ndio wa kuogopewa zaidi, kwa kuwa ni mshubiri wa kweli na ni sumu. Sehemu za Taita hadi mpakani mwa Tanzania kuna mshubiri uitwao Aloe ballyi, wenye shina refu kama mti, ambao huweza kupita kimo cha watu wawili. Kaskazini, upande wa Somalia na Ethiopia, kuna mwingine, Aloe ruspoliana, wenye maua ya manjano. Ndani ya hiyo miwili mna sumu ya jamii ile ile iliyo katika hemloki, mmea wa sumu uliotajwa sana katika historia ya Wayunani. Alama inayomfichua ballyi ni harufu: jani likivunjwa hunuka panya. Pua yako ikikwambia hivyo, liache jani palepale ukaoshe mikono.

Kutokana na hayo, ushauri wa ukurasa huu ni kwamba mshubiri wa mwitu usiwe wa kunywa kabisa. Wa kupaka pia, ni bora uwe ule uliopanda mwenyewe nyumbani, unaojua umetoka kwa nani na ni wa aina gani.

Dawa mbili katika jani moja

Sasa tulikate jani la Aloe vera tulitazame vizuri. Chini tu ya ganda la kijani pana vijishipa vinavyobeba utomvu wa manjano, mchungu mno. Huo ndio shubiri. Ndani yake mna kitu kiitwacho aloini, ambacho kikifika katika utumbo mpana huuchokoza ukasukuma kwa nguvu na kuvuta maji. Mtu huharisha baada ya saa 6 hadi 12, mara nyingi kwa msokoto wa tumbo.

Katikati ya jani pana ute. Huo karibu wote ni maji, zaidi ya sehemu 98 kwa 100, na kilichobaki ni vitu vya kunatanata vinavyohifadhi unyevu wa ngozi. Ute uliooshwa vizuri hauna ule uchungu na hauharishi.

Anayesema "mshubiri ni dawa ya ngozi" asema kweli, akimaanisha ute. Anayesema "mshubiri hufungua choo" asema kweli pia, akimaanisha utomvu. Balaa huja pale mtu anaposaga jani zima pamoja na ganda lake, akachuja na kunywa, akidhani anakunywa kile kile anachojipaka.

Kutoa ute na kuutumia

Chagua jani la chini, la nje, lililokomaa. Likate karibu na shina kwa kisu kisafi. Lioshe, kisha lisimamishe ndani ya kikombe, sehemu iliyokatwa ikiwa chini, kwa muda wa robo saa, ili utomvu wa manjano udondoke wote. Ondoa meno ya pembeni, menya ganda, na uchukue ule ute wa katikati peke yake. Uoshe tena kwa maji safi mpaka usibaki umanjano wowote. Ufanye kazi nao siku hiyo hiyo. Ute haudumu, na ukikaa katika joto letu hii huharibika upesi na kuota vijidudu.

Kabla ya kuutumia kwa mara ya kwanza, paka kidogo upande wa ndani wa mkono, usubiri hadi kesho. Pakiwasha, pakiwa pekundu au pakitoa vipele, basi ngozi hiyo haipatani na mshubiri, wala usilazimishe.

Ute huu wafaa kwa ngozi iliyokauka, kwa ngozi iliyochomwa na jua baada ya kutwa nzima baharini au shambani, na kwa kuungua kidogo kwa jikoni: mvuke wa sufuria, tone la mafuta ya mahamri, kando ya chapati iliyogusa kidole. Uchunguzi uliofanywa kuhusu ute wa Aloe vera kwa majeraha madogo ya moto umeonyesha dalili njema. Lakini ute si wa kwanza. Cha kwanza ni maji. Pahali palipoungua pamiminiwe maji safi ya baridi ya kawaida, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20. Penye shida ya maji ya bomba, mimina kidogo kidogo kwa kopo. Vua pete au bangili mapema kabla hapajavimba. Moto wa ngozi ukishapoa, ndipo upake ute, ikiwa ngozi haikuchubuka.

Tuache kupaka dawa ya meno, unga, mayai au samli. Vitu hivyo hufungia joto ndani, hualika usaha, na humpa tabu daktari anayetaka kuona jeraha. Na kuna kuungua ambako mshubiri haufai hata kwa dakika moja: kulikopita upana wa kiganja cha aliyeungua, kwa uso, mikono, miguu, viungo na sehemu za siri, kulikotoa malengelenge makubwa au kuacha ngozi nyeupe isiyohisi maumivu, kwa umeme au kemikali, na kwa mtoto mchanga au mtu mzee. Huyo apozwe kwa maji, afunikwe kwa kitambaa safi, na akimbizwe hospitali.

Shubiri ya kunywa

Hapa ndipo penye uzito wa makala haya. Katika nyumba nyingi shubiri hunywewa kwa "kusafisha tumbo", kwa kufunga choo, kwa minyoo, kwa homa, na siku hizi kwa kupunguza mwili. Kwamba huharisha, hilo halina shaka. Swali ni kiasi gani. Katika vitabu vya dawa vya zamani kipimo chake kilihesabiwa kwa sehemu za gramu moja. Sasa nani nyumbani ana mizani ya kupima sehemu ya gramu? Na nguvu ya utomvu hubadilika kutoka aina hadi aina, kutoka jani hadi jani, na kutoka kiangazi hadi masika. Kikombe cha jana si kikombe cha leo.

Kwa ajili hiyo Marekani iliamua mwaka 2002 kwamba dawa za kuharisha zenye shubiri zisiuzwe tena kama dawa za kawaida za dukani, kwa kuwa watengenezaji hawakuleta ushahidi wa kutosha kwamba ni salama.

Mtu anayeharishwa sana hupoteza maji na chumvi za mwili, hasa potasiamu, ambayo moyo hauwezi kufanya kazi sawasawa bila yake. Anayetumia dawa za moyo, za kupunguza maji mwilini kwa ajili ya shinikizo la damu, au za sukari, aweza kudhurika zaidi, kwani shubiri huingiliana na dawa hizo. Mgonjwa wa figo au wa utumbo asiiguse. Na mwenye kufunga choo muda mrefu akajizoesha shubiri, mara nyingi huishia na utumbo mvivu kuliko alioanza nao. Maji ya kutosha, mapapai, mboga za majani na kutembea asubuhi humfaa zaidi. Na ikiwa choo kimebadilika ghafla au kina damu, hiyo ni kazi ya daktari, si ya mitishamba.

Mama mja mzito ndiye wa kuambiwa kwa sauti kubwa: shubiri usiinywe. Msukosuko unaoleta tumboni haukomei kwenye utumbo, na wanawake wa kale waliijua shubiri kuwa ni ya kuharibu mimba. Vivyo hivyo mama anayenyonyesha ajiepushe nayo, na watoto wa chini ya miaka 12 wasipewe kabisa.

Shubiri na kuachisha ziwa

Iko ada ya zamani ya kupaka shubiri kwenye chuchu ili mtoto achukie ziwa. Bibi zetu hawakuifanya kwa ubaya. Walitafuta njia ya mkato. Lakini tulitazame jambo lenyewe. Anachokilamba mtoto ni dawa ya kuharisha, na anakilamba katika umri ambao kuharisha ndiko kunakoua watoto wadogo wengi. Siku hiyo hiyo ananyang'anywa maziwa ya mama, ambayo ndiyo yangemrudishia maji na nguvu. Hivyo ni vitu viwili kwa mpigo mmoja.

Qur'ani tukufu imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha, na imetaja kwamba wazazi wakitaka kumwachisha mtoto, iwe kwa kuridhiana na kushauriana baina yao. Ndani ya maneno hayo mna utaratibu mzima: kuachisha ziwa si vita vya usiku mmoja, na si kazi ya mama peke yake. Punguza mara moja ya kunyonya kwa siku, ya mchana kwanza. Baada ya siku chache punguza nyingine. Badala yake mpe uji mzito, maziwa kwa kikombe, ndizi iliyopondwa, au wali na samaki asiye na miiba. Ya usiku iwe ya mwisho, na hapo baba, nyanya au shangazi ambembeleze. Huchukua wiki kadhaa, nayo ndiyo subira yenyewe.

Na ikiwa mtoto ameshalamba shubiri akaharisha, mpe maji ya ORS kidogo kidogo kwa kijiko, endelea kumnyonyesha, na umpeleke kituo cha afya. Usingoje akiwa macho yamezama, mdomo mkavu, halii machozi, au amelegea.

Amana ya mmea wenyewe

Bado neno moja. Mishubiri ya mwitu imevunwa sana kwa biashara hata ikawa serikali ya Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 1986, na mwaka 2007 zikatungwa kanuni maalumu, chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, za kuwaruhusu wenye leseni wanaopanda. Katika mkataba wa kimataifa wa CITES, aina zote za mishubiri zimewekewa masharti ya biashara isipokuwa Aloe vera. Basi usiung'oe mshubiri wa msituni ukaupeleka sokoni. Baadhi ya aina za kwetu hazipatikani popote pengine duniani ila katika eneo hili la Afrika Mashariki, na zikitoweka hapa zimetoweka.

Wala hapana haja. Omba chipukizi moja la Aloe vera kwa jirani. Liache kivulini siku 2 au 3 mpaka kidonda cha chini kikauke, kisha lipande katika mchanga uliochanganywa na udongo kidogo, ndani ya mkebe uliotobolewa chini. Lipe jua, na maji mara moja kwa wiki; maji mengi ndiyo huuoza. Likikua, kata jani moja au mawili kwa wakati, uliache lipumue.

Tukusanye tuliyoyasema. Anayetaka kutibu kwa mmea ajiulize maswali matano: ni mmea upi hasa, ni sehemu ipi ya mmea, ni kwa ugonjwa gani, ni kwa kipimo gani, na ni kwa nani. Kwa ute wa mshubiri wa nyumbani juu ya kidole kilichoungua, maswali yote matano yana majibu. Kwa shubiri ya kunywa, la nne halina jibu jikoni kwetu, na la tano mara nyingi ni mama mwenye mimba au mtoto mdogo. Pasipo na jibu, mkono urudi nyuma.

Wiki ijayo, inshaAllah, tutauzungumzia mkunazi: majani yake, matunda yake, na sababu ya kuwa hauachwi kukatwa kila panapotokea msiba. Hadi wakati huo, atakayekata jani la mshubiri na alisimamishe kwanza kikombeni kwa robo saa, amwite binti yake au mwanawe waone pamoja ule umanjano ukidondoka. Hilo wataliona mara moja, na watalikumbuka.

Wabillahi tawfiq.